Wembe Mmoja wa Msiba

Efrazia alikuwa mwanamke wa kazi. Ukungu ukiwa bado umelala bondeni, yeye alikuwa tayari shambani, anapalilia maharage kwenye mteremko ulio chini ya kijiji cha Mtae. Mume wake alifariki zamani. Hawakujaliwa mtoto. Alipofiwa alirudi kwa ndugu zake, na mdogo wake Nathanaeli akamkatia kipande cha shamba na kumsaidia kujenga nyumba ndogo ya udongo.

"Kaa hapa, dada," Nathanaeli alimwambia. "Hapa ni kwenu."

Basi akakaa. Mchana alilima. Jioni alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima, akajifunza kuandika jina lake. Aliishi vizuri na wifi yake Yudith, mke wa Nathanaeli. Watoto wa ndugu yake aliwapenda kama wa kuwazaa mwenyewe, hasa Esta, kitinda mimba, msichana mdogo mwenye maswali mengi.

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia katika vijiji vya ujamaa, kipupwe kilikuwa kikali sana milimani. Nathanaeli alishikwa na kichomi. Alikohoa, akatetemeka, akashindwa kula. Asubuhi walipotaka kumbeba kwenda kwenye basi wampeleke hospitali, alikuwa amekwisha kata roho. Mchungaji alikuja, wakazika, wakaimba. Kisha ikabaki kazi ya kunyoa.

Katika ukoo wao, mtu akifa nyumba nzima hunyoa vichwa. Anayenyoa ni shangazi wa nyumba, na shangazi wa nyumba ile alikuwa Efrazia. Wembe huwa mmoja tu. Wazee walisema kwamba msiba ni mmoja, kwa hiyo na wembe uwe mmoja. Ukileta wembe wa pili, umeita kifo cha pili. Tena sabuni haikuruhusiwa kugusa kichwa mpaka matanga yaanuliwe. Hata watu wa kanisani walifuata hivyo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Walikaa uani, nyuma ya jiko. Efrazia alianza na mjane, kama desturi ilivyotaka. Wembe ulikuwa mpya na ulipita kichwani kwa Yudith bila shida. Baada yake alikaa Nikodemo, kaka yao mkubwa, ambaye sasa ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo. Yeye alitaka kichwa na ndevu pia.

"Pandisha wembe," Nikodemo aliamuru. "Nataka kiwe laini kama yai. Msiba si mchezo."

Efrazia akapandisha wembe kutoka kisogoni kwenda juu, kinyume na nywele zinavyolala. Alichovya vidole katika maji baridi ya kijito, akalowesha kidogo, akakwangua. Walifuata wengine wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Wembe ulianza kuwa butu. Efrazia aliunoa kwa kuusugua ndani ya bilauri ya kioo, akaendelea. Kila kichwa kilipokwisha, alikifuta kwa kitambaa kilekile, kisha akakipaka mafuta ya nyonyo kutoka katika kopo moja.

Esta alikuwa amejificha chini ya kitanda kwa kuogopa wembe. Walipomtoa, zamu yake ilikuwa karibu na mwisho. Alilia na kujitingisha. Wembe ulimkata mara kadhaa kisogoni.

"Tulia, mwanangu," Efrazia alimbembeleza. "Tulia, baba yako asiione aibu hii."

Wa mwisho alikuwa Tobia, mtoto mkubwa wa marehemu, kijana aliyeanza kuota ndevu. Efrazia alipoanza, Tobia aliruka.

"Shangazi, unaninyoa au unanichuna?"

"Kaa chini, mtoto wewe! Kuna msiba hapa."

"Msiba naujua, baba ni wangu. Lakini ngozi nayo ni yangu. Lete huo wembe, nitanyoa mwenyewe."

Akauchukua, akajinyoa kichwa na kidevu kwa kukwangua juu na chini, kavu kabisa. Baada ya hapo wote walijifunga vitambaa vizito vichwani, kwa sababu baridi ilikuwa inauma.

Jioni ileile vichwa vilianza kuwaka moto. Siku zilizofuata vikawasha. Watu walijikuna chini ya vitambaa. Vipele vyekundu vilitokea kisogoni na shingoni, na kwa wanaume vikajaa kidevuni. Wengine vipele vilitunga usaha. Kila mtu akaleta dawa yake. Huyu alipaka mafuta ya taa. Yule alipaka ugoro. Dorkasi, mke wa Nikodemo, alichukua mwiba wa mlimau akawa anatumbua vipele vya watoto, mmoja baada ya mwingine, kwa mwiba uleule. Alifanya hivyo kwa huruma.

Lakini vipele vya Esta havikupungua. Viliungana vikawa jipu kubwa kisogoni. Mtoto aliacha kuuliza maswali. Alilala tu kifudifudi na kuguna.

Hapo maneno yakaanza. Yalianza kwa kunong'ona jikoni, yakafika kwa Nikodemo, na Nikodemo hakuwa mtu wa kunong'ona. Alimwita Efrazia mbele ya wote.

"Mkono uliotunyoa una kitu," alisema.

"Kaka, mkono huu umewalea watoto hawa."

"Ndiyo maana tunauogopa. Wewe huna mtoto, Efrazia. Labda unataka na wenzako wakose. Umemzika Nathanaeli, sasa unaanza na damu yake."

"Kaka Nikodemo! Mungu anakusikia."

"Na akusikie na wewe. Matanga yakianuliwa, funga mizigo yako. Shamba ni la ukoo, si lako. Na tangu leo usiingie nyumba aliyolala mtoto."

Efrazia alitazama huku na huku. Yudith aliinamisha uso. Dorkasi alijifanya anachochea moto. Efrazia alirudi nyumbani kwake akakaa sakafuni. Hakuwa na pa kwenda. Kwa marehemu mume wake walishamsahau. Duniani alikuwa na kipande kile cha shamba na watoto wale, basi.

Asubuhi yake alikwenda kwa jirani yao, Mzee Januari. Huyu alikuwa mtu wa kuja, Mkatoliki kutoka Songea. Alikuwa dresa kwa miaka mingi, yaani mfunga vidonda, katika zahanati ya shamba la chai. Alioa mwanamke wa Mtae, na alipostaafu akahamia kwa wakweze. Watu walimsalimia kwa heshima, lakini katika mambo ya ukoo hawakumwita. Efrazia alimkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dada. Pole tena na msiba. Karibu kigoda."

Efrazia hakukaa. "Nimekuja kuuliza. Mkono wa mtu unaweza kuwa na ubaya, na mwenyewe asijue?"

Januari aliweka panga chini. Habari alikuwa amekwisha zisikia, kwa maana kijiji hakina ukuta. "Nieleze ulivyonyoa," alisema. "Usiache kitu."

Efrazia akaeleza: wembe mmoja, maji baridi, bila sabuni, kupandisha wembe, kitambaa kimoja, kopo moja la mafuta, na baadaye mwiba wa Dorkasi. Januari alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikia, dada. Wembe butu haukati nywele, unazing'oa na kuikwangua ngozi. Nywele kavu ni ngumu, zinataka maji ya moto kidogo na povu la sabuni ili zilainike. Ukipandisha wembe kinyume na nywele, unazikata chini mno. Nywele zetu zimejipinda. Zinapoota tena, ncha inarudi ndani ya ngozi kama mwiba. Ndipo vipele vinapotokea, hasa kidevuni na kisogoni. Halafu mtu anajifunga kitambaa kizito, kinasugua. Anajikuna kwa kucha zenye udongo. Uchafu unaingia."

"Na usaha?"

"Wembe uliomkata huyu unabeba damu na uchafu wake kumpelekea yule. Kitambaa nacho vivyo hivyo. Na mwiba ule wa kutumbulia ndio umeongeza. Maradhi mengi hupita kwa njia hiyo."

Efrazia alishika ukingo wa mlango. "Basi ni mimi niliyemwumiza Esta."

"Mkono ulikuwa wako, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini uchawi haumo."

"Afadhali uchawi," Efrazia alisema polepole. "Ule nilijua ni uongo. Hili ni kweli."

Januari aliusukuma mpini pembeni, akainuka. Aliuliza tu, "Mtoto ana homa?"

"Sijui. Nimekatazwa kuingia."

"Twende."

Uani kwa Yudith watu walikuwa wengi, wamekuja kukaa msibani. Nikodemo alisimama mlangoni, shingo yake imevimba kwa vipele, inang'aa kwa mafuta ya taa.

"Mzee Januari, karibu. Lakini huyo uliyekuja naye abaki huko."

"Nimekuja kumwona mtoto, ndugu yangu."

"Mtoto ana wazee wake. Ninyi watu wa Songea mna ya kwenu, na sisi tuna ya kwetu."

"Usaha hauulizi kabila," Januari alijibu. "Nimeuona kwa Wangoni, nimeuona kwa Wabena, nimeuona hata kwa Mzungu meneja."

Watu wawili watatu walicheka kidogo, wakanyamaza Nikodemo alipowatazama. Hapo Efrazia akasogea mbele.

"Kaka, ni mkono wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewatia vipele hivi."

Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Kisha kelele zikazuka.

"Mmesikia!" Nikodemo alipiga kelele. "Amekiri mwenyewe! Tobia, nenda kamwite balozi wa nyumba kumi!"

"Subiri, kijana," Januari alisema, na Tobia akasimama. "Balozi aje, lakini tuulizane kwanza. Nani alinyolewa wa kwanza?"

"Mimi," Yudith alijibu kwa sauti ndogo.

"Na mkono ulikuwa wa nani?"

"Wa wifi."

"Tafadhali, mama, ondoa kitambaa chako."

Yudith alisita, kisha akakiondoa. Kichwa chake kilikuwa safi. Watu walisogea kutazama.

"Wa mwisho ni nani?"

"Ni mimi," Tobia alisema. Kidevu chake kilikuwa kimejaa vipele na vigaga, kibaya kuliko cha mtu mwingine yeyote pale.

"Alikunyoa nani?"

"Nilijinyoa mwenyewe. Shangazi hakunigusa, ila kwa kuanza tu." Tobia alijishika kidevu. Akatazama chini. "Kwa hiyo hapa nimejiroga mwenyewe?"

"Angekuwa na dawa mkononi," Januari alisema, "angeanza na wa kwanza. Wa kwanza ni mzima kwa sababu wembe ulikuwa mpya na haujapita kwa mtu. Kila ulipopita ulizidi kuwa butu na mchafu. Tobia aliupata ukiwa umechoka kabisa. Mtoto aliupata karibu hivyo hivyo, tena ukamkata. Ubaya umo katika wembe na jinsi ulivyotumika."

"Wembe ni mmoja tangu enzi za wazee," Nikodemo alisema. "Wembe wa pili huita kifo cha pili. Unataka tuzike tena?"

Ndipo Yudith aliposimama. Alikuwa hajainua sauti yake tangu siku ya mazishi.

"Shemeji, nimezika mume. Kifo cha pili kimelala humu ndani, na kimeletwa na wembe huohuo mmoja. Nipisheni."

Akaingia ndani. Hakumwomba mtu ruhusa. Alitoka na Esta amembeba. Januari alimshika mtoto paji la uso, akagusa shingo yake chini ya masikio, na uso wake ukabadilika.

"Ana homa kali," alisema. "Shingo imevimba kwa ndani, na wekundu unatambaa kuelekea mgongoni. Hili si la kutibiwa nyumbani. Apelekwe zahanati sasa hivi."

Matanga hayakuwa yameanuliwa, na desturi ilimkataza mjane kutoka. Yudith alitoka. Alipochoka, alimgeukia Efrazia aliyekuwa akifuata nyuma, akampa mtoto. Walipokezana hivyo njia nzima, mlima na bonde, katika manyunyu.

Kule zahanati mganga alipasua jipu. Usaha ulitoka mwingi. Mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Efrazia ndiye aliyemshika mikono. Alipigwa sindano siku baada ya siku.

"Mngekawia," mganga aliwaambia, "sumu ingeingia katika damu. Hapo nisingekuwa na la kufanya."

Esta alipona. Lakini kisogoni lilibaki kovu pana, na pale nywele hazikuota tena. Efrazia aliliona kovu lile kila alipomsuka.

Wale wengine walitibiwa nyumbani na Mzee Januari. Aliwakusanya uani kwake, akaeleza neno moja moja, kwa sababu alitaka waelewe wala si kutii tu.

"Kwanza, acheni kunyoa mpaka ngozi ipone kabisa. Pili, tupeni ugoro na mafuta ya taa, vinaunguza ngozi iliyokwisha kuumia. Chemsheni maji, yaacheni yapoe yawe ya uvuguvugu, muoshe taratibu kwa sabuni isiyo kali. Msisugue. Kausheni kwa kugusagusa, na kila mtu awe na kitambaa chake safi."

"Inawasha sana, mzee," Tobia alilalamika. "Usiku nataka kuvua kidevu nikiweke pembeni."

"Ikiwasha, chukua kitambaa safi, kichovye katika maji baridi yaliyochemshwa, kiweke hapo kwa muda. Utapata nafuu. Usijikune, na kata kucha zako. Usitumbue kipele. Ukitumbua, unausukuma usaha ndani."

"Na vitambaa vya kichwani?"

"Vivueni mkiwa ndani ya nyumba. Ngozi inataka hewa. Mkitoka, fungeni kitambaa laini kilichofuliwa, bila kukaza. Na mkiona homa, au uvimbe unaozidi, au wekundu unaotambaa, au usaha usiokwisha, msinisubiri mimi. Zahanati."

Nikodemo hakuja. Lakini siku iliyofuata Dorkasi alipita kwa Januari na bakuli la viazi.

"Mzee," alisema huku akitazama pembeni, "kuna mtu fulani kidevu kimemwiva kwa vipele. Anauliza afanyeje."

"Huyo mtu fulani amejinyoa tena?"

"Juzi. Nilimkataza."

"Mwambie huyo mtu fulani aache ndevu ziote. Akipona, anyoe baada ya kuosha kwa maji ya moto kidogo, kwa povu, kwa wembe mkali, akishusha wembe kufuata nywele zinavyolala. Asikwangue mara mbili mbili. Na asitake yai."

Dorkasi aliziba mdomo kwa kanga, akaondoka akicheka.

Ngozi za watu zikapona. Matanga yalianuliwa. Nikodemo hakutaja tena habari ya kufunga mizigo, wala hakusema kwamba alikosea. Walikutana njiani wakasalimiana. Lakini Efrazia alijua kwamba neno lililosemwa mbele ya watu halifutiki kwa kunyamaza. Bado wako wanawake waliowavuta watoto wao alipopita. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu kichwa, isipokuwa Esta.

Mvua za masika zilipofika, Dorkasi aliugua tumbo. Walimpeleka hospitali Lushoto, akakaa huko, akarudishwa maiti.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa uani kwa Nikodemo. Saa ya kunyoa ilifika, na hakuna aliyetaja jina la shangazi wa nyumba. Efrazia alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na kuni. Kisha Yudith akainuka, akabandika sufuria ya maji motoni. Tobia akaleta sabuni. Duka la ushirika lilikuwa limeishiwa nyembe, lakini aliyekuwa na wembe wake aliuleta. Wasiokuwa nao walikubaliana wakatwe nywele kwa mkasi tu, mkasi uliochemshwa, bila chuma kugusa ngozi.

"Shangazi," Tobia alisema, "anza na mimi. Safari hii sichunwi."

Mtu mmoja alinung'unika kwamba nyembe nyingi namna hiyo zitaita vifo vingi. Wote walimtazama Nikodemo, kwa maana maiti alikuwa mke wake na neno lilikuwa lake.

Nikodemo aliingia ndani. Walidhani amekasirika. Alipotoka, alikuwa ameshika wembe mpya, ungali ndani ya karatasi yake. Aliupata wapi wakati ule, hakusema. Akakaa kwenye kigoda mbele ya dada yake, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Efrazia alichovya kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, akakiweka juu ya nywele za kaka yake, akasubiri zilainike. Chini ya kitambaa kile Nikodemo alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu maiti aletwe. Efrazia hakumharakisha. Alipotulia, alimpaka povu, akashusha wembe taratibu, kufuata nywele zinavyolala.

Matanga yale yalipoanuliwa, hakuna kichwa kilichokuwa na kipele, wala hakuna mtoto aliyekuwa na homa. Mchungaji alipomaliza sala, Nikodemo alisimama.

"Shangazi wa nyumba hii ni Efrazia," alisema. "Hapa ni kwake mpaka tutakapomzika. Atakayefiwa na amwite yeye. Lakini kila mtu aje na wembe wake."